Kaka hajui kuwa uvimbe umerudi, nami namtafutia tiba ya mwanga na sauti

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku kwa sababu mchana sina pa kujificha. Naomba usinitaje jina. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, wa pili kuzaliwa kwetu. Anayeumwa ni kaka yangu mkubwa, ana miaka 47, fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa watoto watatu.

Ilianza na kichwa kumuuma asubuhi. Kisha akawa anasahau majina ya vifaa anavyovishika kila siku, anakionyesha kwa kidole na kusema "nipe hicho". Tukadhani ni uchovu. Siku moja akaanguka karakanani, kifafa, mara ya kwanza maishani mwake. Picha ya ubongo ya MRI ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto. Wakampasua, wakatoa walichoweza, kipande kikaenda maabara na jibu likarudi: glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la nne. Sikuwahi kulisikia neno hilo. Sasa naliota.

Alipata mionzi wiki sita pamoja na vidonge vya temozolomidi, halafu vidonge peke yake kwa miezi. Deksamethasoni, dawa ya kuzuia ubongo usivimbe, ilimvimbisha uso na kumfanya awe mkali kwa watoto, kisha akatulia. Shangazi, alirudi kweli. Alirudi hata karakanani. Hachomelei, maana daktari alimkataza mashine na ngazi kwa sababu ya kifafa, lakini anakaa kwenye kiti na kuwasimamia vijana wake. Tulishaanza kusema "wakati ule alipokuwa anaumwa".

Miezi 14 baada ya upasuaji akapigwa picha ya kufuatilia. Majibu nilienda kuchukua mimi, kwa sababu tangu mwanzo ni mimi ninayeshika faili. Daktari akaniambia kuna kitu kipya pembeni ya pale palipokatwa, na kwamba angependa kumwita kaka. Nikamwomba aniachie nimwambie mwenyewe nyumbani, taratibu. Alisita, akakubali, akatupa tarehe ya kurudi. Hii ni wiki ya tano. Sijamwambia.

Mama anajua. Mdogo wetu wa kiume, anayeishi mbali, anajua. Wifi hajaambiwa, ila ananitazama kama mtu anayesubiri. Kaka mwenyewe aliniuliza usiku ule ule, "Wamesema nini?" Nikamjibu kwamba picha bado wanaisoma. Akasema, "Sawa," akageukia ukutani.

Tangu hapo naishi kwenye simu. Nimesoma kwamba kuna madaktari wanaotumia mwanga kuua seli za uvimbe, na wengine wanatumia ultrasaundi, mawimbi yale yale ya kumwangalia mtoto tumboni, wakiyaelekeza kwenye ubongo bila kupasua fuvu. Nilipoyasoma hayo nililia. Nikajiambia, kumbe dawa ipo, ni sisi tu haijatufikia.

Mdogo wetu amepata kliniki inayotangaza "tiba ya mwanga na sauti" ya saratani zote. Mgonjwa anawekewa dripu ya dawa inayofanya saratani ihisi mwanga, anamulikwa leza nje ya mwili na nyingine kwenye mshipa wa mkono, na kesho yake anapitishiwa ultrasaundi kichwani. Ni siku 10 tu. Video zao zimejaa watu wanaocheka. Wanataka nusu ya fedha kabla ya safari, na wanasema nafasi za mwezi ujao zinakaribia kwisha. Fedha hiyo hatuna, isipokuwa tuuze nyumba aliyotuachia baba, ambayo mama ndiye anayeishi humo. Mama amesema tuuze. Amesema nyumba haitamwita yeye mama.

Mimi nami, bila kumwambia mtu, niliandikia hospitali ya chuo kikuu kimoja inayofanya jaribio la kufungua kizuizi cha ubongo kwa ultrasaundi ili dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani, zipenye. Walinijibu kwa upole. Wanataka picha za karibuni, majibu ya maabara, orodha ya dawa, na kujua kama anatembea na kujihudumia. Wamesema hawaahidi lolote na huenda hata asifae. Kisha wakaandika kwamba mazungumzo yanayofuata watayafanya na mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ridhaa ni yake na saini ni yake. Hapo ndipo nilipokwama.

Mdogo wetu anasema nawachelewesha. Anasema wale wa chuo kikuu wana masharti mengi na ahadi hawana, na hawa wa kliniki wako tayari hata kesho. Anasema kumwambia kaka kutamuua kabla ya ugonjwa. Kuna usiku namwamini. Kaka anacheka siku hizi. Juzi alimwita mwanawe wa kwanza akamwonyesha vifaa vyake kimoja kimoja, hadi ile barakoa ya kuchomelea ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Nitamnyang'anyaje furaha hiyo?

Tuuze nyumba? Nimpeleke kwenye jaribio? Au nimwache aishi siku zake bila kujua?

Dada mtu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka, na pole kwa wiki hizi tano, maana majibu ya mtu mwingine ni mzigo usio na pa kuutulia.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si daktari. Barua yako ilinikalisha kitako nikasoma, kisha nikamsumbua daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo ninayefahamiana naye, nikimuuliza maswali ya kitoto hadi akacheka. Haya nitakayosema kuhusu mwanga na sauti yapime tena na daktari wa kaka yako. Yeye ndiye aliyeiona picha.

Kama nimekuelewa, una milango mitatu mbele yako: kliniki, jaribio, na kunyamaza. Kila mlango una mtu anayekusukuma: mdogo wenu kwa huu, hofu yako kwa ule. Mtu mmoja tu hajasogea karibu na mlango wowote, na kichwa ni chake. Hilo nitalirudia baadaye. Kwanza mwanga, kwa sababu ulilia ulipousoma, na kilio chako hakikuwa cha bure.

Wazo lenyewe si la matapeli. Mwaka 1900 huko Munich, mwanafunzi aitwaye Oscar Raab alichapisha ugunduzi wake kwamba vijidudu vya seli moja alivyovitia rangi ya akridini vilikufa upesi vikipata mwanga, na gizani vikaendelea kuishi. Mpaka leo tiba hii inafuata njia hiyo: unampa mgonjwa dawa ambayo peke yake ni pole, inajikusanya zaidi ndani ya seli za uvimbe, halafu mwanga unakuja kuiamsha, na kwa kutumia oksijeni iliyopo pale seli inaungua kutoka ndani.

Kwenye ubongo, dawa utakayoiona ikitajwa zaidi ni ALA, yaani asidi ya aminolevuliniki. Mgonjwa anainywa saa chache kabla ya upasuaji, na seli za uvimbe zinaigeuza kuwa porfirini, kemikali inayong'aa. Daktari akiwasha taa ya buluu, uvimbe unang'aa mwekundu wa waridi na ubongo usio na uvimbe unabaki buluu. Ulaya waliiidhinisha mwaka 2007, Marekani 2017. Utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2006, wenye wagonjwa 270, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa msaada wa mng'ao huo walitolewa uvimbe wote uliokuwa ukionekana kwenye picha kwa kiwango cha watu 65 kati ya 100; kwa taa ya kawaida walikuwa 36. Ni tofauti kubwa. Lakini angalia vizuri kazi ya huo mwanga: ni tochi ya mpasuaji. Kisu ndicho kinachoondoa. Ni rahisi sana mtu kuchukua idhini ya kuuona uvimbe akaivalisha nguo za idhini ya kutibia, na anayesoma saa nane za usiku hawezi kuona mshono.

Mwanga wa kuua nao upo. Japani iliidhinisha mwaka 2013 tiba ya leza nyekundu pamoja na dawa iitwayo talaporfini kwa uvimbe hatari wa ubongo. Inafanyika wakati wa upasuaji: fuvu li wazi, uvimbe umeshatolewa, daktari anamulika kuta za shimo lililobaki ili kuzifuata seli zilizojificha. Ufaransa nao wamejaribu jambo la namna hiyo kwa ALA.

Kwa nini lazima fuvu liwe wazi? Waambie watoto wa kaka yako wazime taa, waweke kidole juu ya tochi. Kidole kitakuwa chekundu, kwa kuwa kati ya rangi zote za mwanga tunazoziona ni nyekundu inayopenya nyama zaidi. Na hata hiyo haiendi mbali. Ndani ya ubongo ni milimita kadhaa, ikijitahidi sana inakaribia sentimita moja. Sasa juu yake weka nywele, ngozi na mfupa wa fuvu. Leza inayomulikwa nje ya mwili, au kwenye mshipa wa mkono, haina njia ya kufika kwenye uvimbe ulio ndani ya kichwa na nguvu ya kuua ikiwa bado inayo. Sikujua hili kabla ya barua yako. Nadhani kaka yako angelieleza vizuri kuliko mimi. Mtu aliyezeeka nyuma ya barakoa ya kuchomelea anajua mwanga unazuiwa na nini.

Siwajui watu wa kliniki ile, kwa hiyo sitawaita jina. Ila linganisha barua mbili ulizonazo. Hospitali imetaka picha, majibu ya maabara, dawa anazotumia, hali yake, kisha imemtaka yeye mwenyewe. Kliniki, kwa ulivyoniandikia, imetaka nusu ya fedha. Haijauliza uvimbe uko upande gani. Ningependa umwombe mdogo wenu, bila ugomvi, awaandikie maswali haya: dawa ya kwenye dripu inaitwaje, leza inafikaje kwenye ubongo, nani atasoma MRI ya kaka, akipata kifafa au ubongo ukivimba siku ya nne nani atamhudumia na wapi. Majibu yao, wakijibu, yapelekwe kwa daktari wenu kabla ya senti kutoka. Ukumbuke pia kwamba dawa za kuhisi mwanga hazichagui sana. Zinaweza kuacha ngozi na macho ya mgonjwa vikiungua kwa jua la kawaida kwa siku nyingi. Na mgonjwa aliyezoea deksamethasoni akiikatisha ghafla safarini anaweza kuanguka vibaya.

Sauti ni habari nyingine, na hapa nakiri nilisoma kwa mshangao kama wewe.

Tofauti na mwanga, sauti inapita kwenye mfupa. Inapita kwa taabu, mfupa unaipinda na kuila, kwa hiyo wameunda kofia yenye vyanzo vya mawimbi zaidi ya 1,000, na kati ya kofia na kichwa kilichonyolewa yanapita maji baridi ili fuvu lisipate joto. Kila wimbi peke yake ni dogo. Yanapokutana kwenye nukta moja, kama jua chini ya kioo cha kukuzia, ndipo kazi inafanyika, na mgonjwa yumo ndani ya MRI muda wote ili waone nukta hiyo iko wapi.

Kazi zenyewe ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ndiyo ya ile hospitali ya chuo kikuu uliyoiandikia. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana kuliko mahali pengine mwilini, zinazuia sumu isiingie, na kwa ulinzi huo huo zinazuia dawa nyingi za kemo. Wanaingiza kwenye damu viputo vidogo mno, mawimbi yakivipiga vinatetemeka na kulegeza kuta kwa muda. Toronto walimfanyia hivyo mgonjwa wa uvimbe wa ubongo kwa mara ya kwanza bila kumpasua mwaka 2015. Paris, na baadaye Chicago, wakaenda kwa njia nyingine: kifaa kidogo cha mawimbi kinapandikizwa kwenye fuvu, ili mfupa usiwe kikwazo tena. Taarifa ya Chicago ya mwaka 2023 ilihusu watu 17 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi, kama ya kaka. Dawa iliingia kwa wingi zaidi pale palipofunguliwa, na ndani ya saa 1 hivi sehemu kubwa ya kizuizi hicho ilikuwa imeshajifunga. Kazi ya pili ni binamu wa ile tiba ya mwanga: mgonjwa anapewa ALA, ila badala ya leza inaamshwa kwa sauti, fuvu likiwa limefungwa. Hiyo kwa binadamu ndiyo kwanza iko kwenye majaribio ya mwanzo.

Watu 17, mwanangu. Nataka uione namba hiyo jinsi ilivyo. Hawakuwa wamekusanywa kuonyesha nani kapona. Walikuwa wanatafuta kipimo salama cha dawa, na baadhi yao waliumwa kichwa na kupungukiwa seli nyeupe za damu. Majaribio ya mwanzo huuliza "je, inadhuru?" kabla ya "je, inatibu?" Hadi ninapoandika haya, hakuna tiba ya ultrasaundi iliyoidhinishwa kwa glioblastoma. Kwa hiyo waliokujibu kwamba hawaahidi lolote hawakuwa na maringo. Walikuwa wanakuambia ukweli wa kazi yao.

Je, jaribio linafaa? Linaweza kumpa kaka nafasi ambayo hana hapa, na linaweza kumla miezi yake mizuri: safari, vipimo vya mara kwa mara, pengine upasuaji wa kupandikiza kifaa, usiku mwingi mbali na wanawe. Anaweza kukataliwa baada ya matumaini kupanda. Wapo wagonjwa wanaojiunga wakijua fika kwamba faida huenda ikawa ya watakaokuja baada yao, na hilo linawapa nguvu. Wapo ambao hata kulifikiria kunawachosha. Kaka yako yuko kundi gani mimi sijui. Nahofia nawe hujui. Waulize hospitali nani analipa nini, kwa kuwa mara nyingi kinachojaribiwa mgonjwa hakilipii, lakini nauli na malazi vinaweza kuwa juu yenu.

Aya hii ina namba za kuuma. Kama usiku umekuwa mrefu, iruke. Utafiti mkubwa wa mwaka 2005, uliofanya mionzi na temozolomidi kuwa tiba ya kawaida, ulionyesha kwamba nusu ya waliopata vyote viwili waliishi zaidi ya miezi 14.6, kwa mionzi peke yake ilikuwa 12.1. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa karibu 27 kati ya 100, dhidi ya 10. Hizo ni namba za kundi, kaka yako si kundi, na yeye ameshapita kwenye hiyo nusu. Ninazitaja kwa sababu moja: tiba iliyobadilisha vitabu vya madaktari iliongeza miezi miwili na nusu. Ukikutana na anayeahidi zaidi ya hapo kwa siku 10, utajua umpime kwa kipimo gani.

Kuna swali ambalo sikuliona kwenye barua yako. Daktari alisema "kitu kipya". Je, alisema ana uhakika ni uvimbe? Mionzi yenyewe inaweza kuua tishu na kuacha alama inayofanana na uvimbe uliorudi, na wakati mwingine inahitajika picha ya aina nyingine, au kipande kingine, ili kujua. Sikutii tumaini la uongo. Baada ya miezi 14 inawezekana kabisa ni uvimbe. Ila mtu haweki nyumba sokoni kwa sentensi moja aliyoisikia akiwa amesimama. Na kama umerudi, uliza kama anaweza kupasuliwa tena, kama mionzi mifupi inawezekana, kama zipo dawa nyingine kama lomustini, au bevasizumabi, ambayo hupunguza uvimbe wa maji na kumrahisishia mtu siku hata pale isipomwongezea siku. Uliza pia tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na taabu, na uiulize sasa. Watu wanaidhani ni ya dakika za mwisho. Wataalamu wake ndio wanaojua kuishi na kifafa, na kukosa usingizi, na ukali ule wa deksamethasoni uliowatisha watoto.

Nyumba sitaigusa sana. Mama amesema neno zito na sina wa kumjibu. Nitauliza tu: ikiuzwa, mama atalala wapi, na wifi na watoto watatu watabaki na nini kama fedha yote itaishia kwa hao wa siku 10? Na je, kaka angekubali mama ahamishwe kwa ajili yake? Kuna wanaume ambao habari hiyo ingewaumiza kuliko picha ya MRI.

Sasa nirudi kwake. Mdogo wenu anaogopa kwamba ukweli utamuua, nami simcheki. Yuko mbali, hawezi kumshika mkono, anachoweza kutoa ni fedha na haraka. Mpe heshima hiyo mnapozungumza. Lakini ile "Sawa" nimeisoma mara nne. Mtu aliyepigwa picha, akaona dada yake anarudi na faili bila kumtazama usoni, akauliza mara moja na hakuuliza tena. Wewe umeona mtu asiyejua. Huenda. Mimi nimeona pia uwezekano wa mtu anayejua na anawalinda nyinyi, kama mnavyomlinda yeye, kila upande ukicheka ili mwenzake asilie. Naweza kuwa nimekosea. Mimi nasoma karatasi, wewe unaishi naye.

Kuna jambo jingine, na hili daktari niliyemsumbua ndiye aliyelisema, nami likaninyima usingizi. Uvimbe uko kushoto. Mwanzo kabisa ulianza kwa kuchukua majina ya vifaa. Upande huo kwa watu wengi ndipo lugha inapokaa. Ukikua tena pale pale, kinachoweza kuondoka mapema ni maneno, kabla ya nguvu na kabla ya uhai. Anaweza kuja kuwa bado yupo, anakutazama, na hana tena namna ya kusema "nipelekeni" au "niacheni nyumbani". Kwa hiyo kusubiri nako ni kuchagua, na kunachagua kwa niaba yake.

Kumwambia si lazima kuwe kummwagia yote. Unaweza kuanza kwa kumuuliza anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaosema, "Mwambie mke wangu, mimi niambie tu cha kufanya," na hilo ni jibu kamili, ni haki yake. Unaweza kwenda naye tarehe ile ya daktari na kumwachia daktari aseme, wewe ukiwa umekaa upande wake, na wifi awepo. Amesubiri vya kutosha. Hatari zipo. Anaweza kukasirika kwa wiki tano ulizomficha, na utamwomba radhi, na pengine haitatosha siku hiyo. Anaweza kukataa jaribio, kliniki, kila kitu, na wewe uliyesoma usiku kucha ukabaki na mikono mitupu. Jiulize kabla kama utaweza kulibeba hilo. Au anaweza kusema anataka kujaribu, na hapo ile saini inayokukwaza itakuwa kazi ya dakika moja.

Sitakuchagulia mlango. Na sitaki ukienda kwake uende na hotuba.

Umeniandikia kwamba juzi alimwonyesha mwanawe vifaa kimoja kimoja. Nimekuwa nikijiuliza kama alikuwa anavitaja kwa majina, na kama yote yalimjia. Kama hukuwepo, kaa naye karakanani jioni moja vijana wakishaondoka, umwambie unataka nawe akuonyeshe. Akifika kwenye barakoa, muulize kwa nini amempa kijana sasa. Kisha unyamaze, hata kama atakawia kujibu.

Shangazi